Kabla hujamwita mbwa wako mkorofi: niliyoyaona miaka tisa ya kutibu wanyama Dar

Bwana Mifugo Kimara

Wakuu, heshima kwenu wote.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kila nikianza kuandika namkumbuka mbwa mmoja aliyeitwa Jeki, nafuta. Leo nimeamua kuuandika mpaka mwisho, hata kama ni kwa vipande, maana kazi yangu ni ya kuzunguka.

Nina stashahada ya afya ya mifugo, nilisoma Mpwapwa. Naishi Kimara, nafanya kazi chini ya daktari aliyesajiliwa. Shughuli zangu nyingi ni za majumbani: chanjo, dawa za minyoo, kuogesha mbwa dawa ya kupe, vidonda, ng'ombe wa maziwa kule Goba na Kibamba, kuku kila mahali. Upasuaji ni wa daktari, siugusi. Nasema mapema ili mjue nazungumza nikiwa nimesimama wapi.

Sasa Jeki. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Mbwa wa ulinzi, mkubwa, rangi ya udongo, nyumba moja huko Mbezi. Alimng'ata mkononi mtoto wa nyumba hiyo. Mtoto alipelekwa hospitali akapata chanjo, hilo lilifanyika vizuri. Jeki akafungiwa bandani siku 10 za kuangaliwa, zikapita yuko hai na anakula, kwa hiyo kichaa cha mbwa hakikuwa. Lakini mwenye nyumba alishaamua. Alisema mbwa amekuwa mkorofi, siku hizi anamngurumia hata mlinzi anayempa chakula, na ndani ya nyumba yenye watoto hamtaki tena.

Daktari niliyekuwa naye wakati ule (si huyu wa sasa) alikubali kumlaza, yaani kumuua kwa sindano. Tulimtupia kamba shingoni, tukaipitisha kwenye nondo za dirisha, mimi ndiye niliyeivuta mpaka kichwa chake kikabana ukutani. Alipiga kelele ambayo niliifananisha na ukali. Sindano ikaingia, dakika chache yakaisha.

Nilipomgeuza ili tumweke kwenye gunia nikasikia harufu. Sikio la kushoto. Nikalikunjua, usaha ukamwagika mkononi mwangu. Ndani kulikuwa kumevimba mpaka tundu limekaribia kuziba. Mtoto alikuwa akimpapasa kichwani. Mlinzi alikuwa akimshika kola kumrudisha bandani. Sisi tukamkaza kamba. Wote tulimgusa palepale panapouma.

Sikio la namna ile husafishwa, hupewa dawa, wiki mbili tatu likapona. Hakuna aliyelitazama, kwa sababu sote tulishapewa jibu kabla ya kufika: mkorofi.

Nitaendelea jioni, kuna ng'ombe ananisubiri.

Mama Naila

Nimesoma nikiwa ofisini machozi yananilenga. Endelea kaka, tupo.

Kivukoni

Nafuatilia. Nina paka wawili, natumaini na wao watapewa nafasi.

Bwana Mifugo Kimara

Nimerudi. Kivukoni, paka watafika, nina mengi juu yao.

Chuoni tulifundishwa vizuri jinsi ya kumfunga mnyama. Kumlaza ng'ombe kwa kamba, kumfunga mbwa mdomo kwa bandeji, kumshika mbuzi asitingishike. Ni ujuzi unaohitajika na nautumia hadi leo. Lakini kumsoma mnyama kabla ya kumshika, hilo nimejifunza barabarani na kwa daktari wangu wa sasa, ambaye siku ya kwanza alinikalisha kwenye benchi nje ya kliniki akaniambia niangalie tu mbwa wanaoingia, nisiguse chochote mpaka saa sita mchana.

Mbwa husema kwa mwili, na huanza kusema mapema sana kabla meno hayajafika. Analamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Ukimtazama anageuza uso. Ukiendelea kumsogelea anainua mguu mmoja wa mbele, masikio yanalala nyuma, anaufyata mkia, na weupe wa jicho unaanza kuonekana pembeni kama mwezi mwandamo. Halafu anaganda. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Tunaambiana "katulia huyo, mchome haraka". Mbwa aliyeganda hajatulia, ameishiwa njia. Kinachofuata ni kunguruma, kisha meno.

Na kunguruma tusikuchukie. Mbwa anayepigwa kila akinguruma hujifunza kuiruka hatua hiyo. Ndiye yule ambaye watu husema aling'ata bila onyo. Onyo alilitoa miezi mingi, tukamfundisha kwa fimbo alinyamazishe.

Jambo jingine ni mkia. Mkia kutikisika si furaha kila mara. Mkia ulio juu, mgumu, unaotikisika kwa haraka fupi fupi, na mwili mzima umekakamaa, huyo msogelee kwa adabu. Wa furaha hutikisa mpaka kiuno.

Kuna mteja wangu Kinyerezi ana mbwa jike aliyekuwa hachanjiki. Miaka miwili mfululizo walimshika watu watatu kwa blanketi. Nilipokabidhiwa, ziara ya kwanza sikutoa sindano kabisa. Nilikaa kwenye kigoda uani, nikampa ubavu badala ya uso, sikumkodolea macho, nikawa natupa dagaa mmoja mmoja karibu na miguu yangu. Nusu saa. Mwenye mbwa nilimwachia kifunga mdomo, nikamwambia kila jioni awe anaweka dagaa ndani yake na kumwacha mbwa aingize pua mwenyewe, asimfunge. Wiki ya pili nilifika, mbwa akaingiza mdomo mwenyewe, nikafunga, nikachanja akiwa amesimama kwa miguu yake minne. Kifunga mdomo si adui, kinageuka adui kikivaliwa kwa vita.

Mahali ninapohisi panauma huwa napagusa mwisho kabisa. Nikianza napo, kila kitakachofuata atakikataa.

Mzee wa Tandika

Kijana, nimekusoma kwa heshima. Kazi hii nimeifanya kabla hujaanza shule ya msingi. Unayosema ni mazuri kwa mtu mwenye mteja mmoja kwa siku. Sisi tulio na nyumba nane za kuzunguka, foleni ya Mandela, jua, na mteja anayelipa kwa shida, ukikaa kwenye kigoda nusu saa kwa kila mbwa jioni inakukutia nyumba ya tatu. Kamba imara, mkono mwepesi, sindano, mnyama ameokoka na ugonjwa. Huo nao ni ustawi.

Bwana Mifugo Kimara

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa kusema wazi, maana hili ndilo swali gumu kuliko yote na siwezi kulikwepa.

Ni kweli muda ni fedha. Ila naomba tuuhesabu muda kwa mwaka mzima. Mbwa niliyewahi kumchanja kwa nguvu kwa dakika nne, mwaka uliofuata alitukimbiza watu watatu kwa dakika arobaini, na wa tatu yake mwenye mbwa hakuniita tena. Chanjo ikakatika. Huyo wa Kinyerezi nilimpa nusu saa mara moja, sasa namaliza naye kabla chai haijapoa.

Kuna mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula. Katika kazi hiyo aliona mbwa wakianza kutoa mate hata kabla ya chakula, wakimwona tu anayekileta. Wazee wetu walishalisema kwa upande wa hofu: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mbwa mmoja wa Kimara anautambua mlio wa pikipiki yangu tangu njia panda. Ningali naiegesha mbali nikifika kwake, na koti jeupe niliacha kulivaa majumbani. Sindano huchukua sekunde mbili, lakini kumbukumbu ya namna alivyoshikwa anakaa nayo maisha.

Halafu mzee, nguvu inatudanganya hata kwenye vipimo. Mbwa mzima joto lake huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Februari moja tuliletewa mbwa kwa bajaji saa saba mchana, amefungwa miguu, kipimajoto kikasoma 39.7. Nilishashika chupa ya antibayotiki. Daktari akasema mfungueni, mpeni maji, mwacheni chini ya feni sakafuni. Baada ya nusu saa 38.9. Hakuwa na homa, alikuwa na jua la Dar na woga. Moyo nao hivyo hivyo, pumzi hivyo hivyo. Paka ndiye zaidi: sukari ya damu yake hupanda kwa hofu peke yake, mtu akadhani ana kisukari.

Yupo ambaye dagaa hazimsaidii, hilo nakubaliana nawe. Mwenye maumivu makali, aliyegongwa na gari, mwenye hofu iliyokomaa. Huyo daktari ampe dawa ya kumtuliza mapema, tena kwa dozi sahihi, badala ya kushindana naye kwa misuli kisha kumpa dawa akiwa ameshapandwa na mori. Kuvutana hakumwachii yeye wala sisi heshima yoyote.

Mzee wa Tandika

Marahaba. Hilo la joto la bajaji limenigusa. Wapo niliowachoma kwa ajili ya homa ya njiani, sasa naona. La muda bado tutabishana.

Mama Naila

Kaka na sisi wa kuku? Nina kuku wa mayai 150 hapa Kinyerezi, wanadonoana hadi damu. Nimeambiwa niwakate midomo wote.

Bwana Mifugo Kimara

Dada Naila, kabla ya mdomo tazama banda. Kuku hudonoana wakibanana, joto likizidi, mwanga ukiwa mkali kupita kiasi, chakula kikipungua protini au chumvi, vyombo vya maji vikiwa vichache mpaka wanyonge hawafikii. Na wakikosa la kufanya. Kuku kwa asili yake hushinda akichakura, banda tupu linamwacha na kazi moja tu, manyoya ya mwenzake. Mwenye kidonda mtoe leo hii, damu inawaita wengine. Punguza mwanga, tundika mafungu ya mchicha juu kidogo waruke kuyadonoa, hesabu vyombo. Kama wanatanua mabawa na kuhema midomo wazi mchana, hilo ni joto, kuku hana jasho. Fungua upande wa upepo, na chakula wape asubuhi mapema na jioni. Ukiona bado, nitumie picha ya banda.

Kivukoni

Paka mkuu, nasubiri tangu juzi.

Bwana Mifugo Kimara

Samahani Kivukoni, jana nilirudi usiku.

Paka ni mgonjwa mgumu kumsoma kwa sababu porini yeye ni mwindaji na vilevile ni windo. Anayeonyesha udhaifu huliwa. Kwa hiyo paka anayeumwa halii, hupungua. Haruki tena dirishani. Anaacha kujilamba, manyoya yanakuwa kama ufagio. Anahamia chini ya kabati. Watu husema amezeeka au amenuna.

Na kukoroma kwake kule kwa starehe kusikudanganye. Paka hukoroma akiwa na raha, na wapo wanaokoroma wakiwa katika maumivu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal huko Kanada walitoa mwaka 2019 kipimo cha maumivu kwa kumtazama paka usoni tu. Wanaangalia mambo matano: masikio, macho, pua na mdomo, sharubu, na jinsi kichwa kilivyokaa ukilinganisha na mabega. Kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2. Wakifika 4 kati ya 10 wanafikiria kumpa dawa ya maumivu. Paka mwenye maumivu masikio yake yanafunguka kwenda pembeni, macho yanakuwa membamba, mdomo unakaza, sharubu zinanyooka mbele, kichwa kinashuka chini ya mabega. Nimeanza kulitumia jicho hili kwa paka wanaotoka kwenye upasuaji wa kuhasiwa, na nimeona tofauti ambazo zamani nilikuwa nazipita kama sizioni. Kumbe walikuwa wananiambia kila siku.

Kuhusu kumleta kliniki. Msimlete mkononi ndani ya daladala, wala kwenye mfuko wa sandarusi wenye tundu. Nimeona walioruka barabarani pale Ubungo na hawakuonekana tena. Chukua tenga au boksi gumu lenye matundu, liweke sebuleni wiki nzima kabla, tandika kanga uliyoivaa, paka atalala humo kwa hiari. Siku ya safari lifunike. Sisi kliniki tunatoa mfuniko wa juu na kumpima akiwa humo humo, nusu ya mwili iko chini ya kanga. Kumnyanyua kwa ngozi ya shingo niliacha. Mama yake humbeba hivyo akiwa kitoto, mkubwa akibebwa hivyo anachopata ni hofu.

Mawili ya haraka kwa wenye paka, tafadhali yashikeni. Panadol inaua paka, hata kipande. Na paka dume anayekwenda kwenye mchanga wake kila mara, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu au matone tu, huyo njia ya mkojo imeziba. Msiseme anachafua makusudi, msimpige, msisubiri kesho. Ndani ya siku moja au mbili anakufa.

Kivukoni

Mkuu, mwaka jana nilimpoteza dume wangu hivyo hivyo kabisa. Alikuwa anakojoa matone kwenye zulia, nikamfungia nje kwa adhabu. Asubuhi ya pili nikamkuta amekakamaa mlangoni. Sikuwahi kujua sababu hadi leo.

Bwana Mifugo Kimara

Pole sana ndugu yangu. Pole kwa moyo wote. Hukufundishwa, kama mimi na sikio la Jeki. Hao wawili ulionao sasa wana mtu anayejua.

Mshale

Hivi hapa nchini kuna sheria yoyote, au ni huruma ya mtu binafsi?

Bwana Mifugo Kimara

Ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ukatili kwa mnyama ni kosa, na sheria inagusa namna ya kumfuga, kumsafirisha hadi kumchinja. Pia kuna Sheria ya Veterinari ya 2003 na Baraza la Veterinari, ndilo linalosajili madaktari na kutuandikisha sisi wasaidizi wao, kwa hiyo una haki ya kumuuliza anayekuja na sindano kwako amesajiliwa wapi.

Msingi wa fikra hizi ulianza na ripoti ya kamati moja ya Uingereza mwaka 1965 iliyochunguza ufugaji wa kisasa, baadaye mwaka 1979 zikaandikwa kama haki tano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu na ugonjwa, aweze kuishi kwa tabia zake za asili, asiishi kwa hofu. Wengi wetu tunazijua tatu za kwanza. Hizo mbili za mwisho ndizo uzi huu.

Mzee wa Goba

Mimi nina ng'ombe wanne wa maziwa. Mmoja tangu nibadilishe kijana wa kukamua amepungua kutoka lita 12 hadi 8. Chakula ni kilekile, ugonjwa hakuna, nimepima. Kijana anasema ng'ombe ana kiburi, anapiga teke.

Bwana Mifugo Kimara

Shikamoo mzee. Hiki kiburi nakifahamu, na naomba usimfukuze kijana kabla hujasikia.

Maziwa hayashuki kwa kuvutwa tu. Kiwele kinapooshwa kwa maji ya uvuguvugu na kupapaswa, ubongo unaachia homoni iitwayo oksitosini, inafika kwenye kiwele inayasukuma maziwa yashuke. Kazi yake ni dakika chache. Ng'ombe akishtuliwa, akipigwa kelele, akichapwa kiunoni, mwili unatoa adrenalini, na hiyo inaifunga njia ya oksitosini. Maziwa yapo ndani lakini hayashuki. Kijana anavuta kwa nguvu zaidi, chuchu inauma, ng'ombe anapiga teke, kijana anashika fimbo. Humo ndimo zinakoishia hizo lita 4 zako.

Hakikisha kwanza huyo ng'ombe hana maumivu: kagua chuchu kama zimechanika, pima kiwele upya. Halafu kaa na kijana bila kumgombeza. Mwonyeshe ng'ombe anavyoona. Macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja. Anayetokea nyuma kimyakimya ni chui kwake. Kijana amsogelee ubavuni, aongee naye akiwa bado mbali. Akitaka aende mbele asimame nyuma kidogo ya bega, akitaka arudi nyuma asogee mbele ya bega. Fimbo haina kazi hapo.

Kuna mama mmoja Mmarekani, Temple Grandin, ana usonji, ni profesa wa sayansi ya wanyama. Kule kwao ng'ombe walikuwa wakigoma kuingia kwenye njia ya kuchanjwa na watu wanawapiga. Yeye aliingia mwenyewe kwenye ile njia, akainama kwa kimo cha ng'ombe, akaona wanachokiona: mnyororo unaoning'inia, koti limetundikwa kwenye uzio, kivuli kilichokata njia, mng'ao wa maji. Wakiviondoa, ng'ombe wanapita. Nilipolisoma hilo nilikwenda kwa mteja wa Kibamba ambaye ng'ombe wake hakuwa akiingia sehemu ya kukamuliwa, nikainama mlangoni. Kulikuwa na mfuko mweusi wa nailoni umenasa kwenye bati unapepea. Tuliutoa. Aliingia jioni hiyo hiyo.

Mzee wa Goba

Nimekuelewa baba. Nitarudi na majibu.

Neema wa Chanika

Wakuu samahani naingilia mada. Mbwa wa jirani tangu juzi hali chakula, amekaa mdomo wazi, taya limelegea, mate yanamtoka, anajaribu kunywa maji hawezi. Alikuwa mbwa mpole sana, watoto wote wa mtaa wanacheza naye. Leo asubuhi kaka yangu akasema mfupa umemkwama, akaingiza mkono kuutoa. Hakuona mfupa. Amekwaruzwa na jino, kidogo tu. Tumempaka spiriti. Mbwa tumpe nini?

Bwana Mifugo Kimara

Dada Neema, acha kusoma, fanya haya sasa hivi.

Kaka yako aoshe hilo jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, shika saa. Kisha aende hospitali leo, si kesho, aseme amekwaruzwa na mbwa anayehisiwa kuwa na kichaa, aombe chanjo. Udogo wa mkwaruzo hauhesabiki.

Mbwa asiguswe na mtu yeyote. Kama yuko uani, fungeni geti, watoto waingie ndani. Mpigie afisa mifugo wa kata. Msimuue wenyewe kwa kumpiga kichwani, kichwa ndicho kinachopimwa.

Mfupa haupo. Kichaa cha mbwa huja kwa sura mbili. Iko ile mnayoijua, ya mbwa anayekimbia na kung'ata hovyo. Na iko ya kimya, misuli ya koo na taya inapooza, hawezi kumeza, mate yanajaa, watu wenye huruma wanaingiza mkono. Tabia yake ilivyogeuka ghafla ndiyo dalili kubwa. Mpole akawa mkali, mkali akawa mpole, aliyekuwa akikupokea anajificha gizani. Kwa binadamu dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla hazijaanza chanjo inaokoa.

Nani mwingine ameguswa na mate yake? Watoto?

Mzee wa Tandika

Binti sikiliza anachokwambia. Niko Temeke, nina namba za afisa mifugo wa huko Chanika, nakutumia faragha sasa hivi.

Mama Naila

Ee Mungu. Neema tujulishe.

Bwana Mifugo Kimara

Neema?

Neema wa Chanika

Nimerudi, samahani, simu iliisha chaji tukiwa hospitali. Kaka ameosha dakika 15, alikuwa analalamika sabuni inawasha, nikamshikia mkono mpaka zilipokwisha. Amechomwa chanjo ya kwanza na dawa nyingine palepale kwenye jeraha. Watoto tuliwapitia nyumba kwa nyumba na mama mwenye mbwa, wanne walilambwa mikononi wiki hii, wawili wana michubuko, wote wamepelekwa na wamechanjwa. Mbwa amekufa mchana. Afisa mifugo alikuja na glavu, wamechukua sampuli, wamesema inakwenda maabara ya veterinari Temeke. Yule mama analia, anasema alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Na yeye amechanjwa.

Mzee wa Tandika, asante kwa ile namba. Alipokea mara ya kwanza.

Bwana Mifugo Kimara

Asante dada yangu. Huyo mama mpeni pole zetu, alikuwa anamhudumia mgonjwa wake.

Leo ni Jumatatu, ndiyo siku ya kwanza mliyochomwa. Mnarudi Alhamisi, halafu Jumatatu ijayo, na tarehe nyingine yoyote iliyoandikwa kwenye kadi. Watu hupata nafuu ya moyo wakaacha katikati. Usisubiri majibu ya maabara ndipo uendelee.

Neema wa Chanika

Nimeziandika kwa chaki mlangoni kwetu na kwa wale watoto wanne. Alhamisi saa mbili tunaondoka wote pamoja, jirani mwenye bajaji amesema atatubeba kwa zamu.